Samaki wa Faiba na Futi Elfu Mbili

Kila Jumatatu, kabla ya kuwasha jiko na kabla ya kumpa paka haki yake, Lorna Skalicky alifungua simu kutazama Duane Pfeifer yuko wapi. Watu wengine wa mji wa Brekke hutazama hali ya hewa. Lorna alitazama nukta nyekundu. Nukta hiyo ilikuwa kwenye ramani ya jimbo, ile iliyowekwa hadharani ili kila mwenye simu na hofu ajue waliohukumiwa kwa makosa ya ngono wanalala wapi, wanaendesha gari gani, na wana michoro gani mwilini. Duane alikuwa na mchoro mmoja tu, wa bata, kwenye bega la kushoto, na bata huyo alikuwa ameelezwa pale kwa uzito uleule wa kosa lenyewe.

Kosa lenyewe halikuwa la kuchekesha. Duane alikuwa mteja wa baa ya Lorna, mtu wa kiti kilekile na bia ileile, mpaka jioni aliyomfuata stoo alikokwenda kuchukua kreti, akafunga mlango nyuma yake. Yaliyofuata Lorna aliyasema mara moja, mahakamani, na hakuwa na nia ya kuyasema tena. Hadithi hii nayo itamfuata katika ukimya huo. Mlango wa stoo aliung'oa mwenyewe kwa nyundo, akaulaza juu ya mapipa mawili, akaufanya meza ya kukatia samaki. Tangu hapo stoo ya Lorna haina mlango, na mkaguzi wa afya amechoka kuuliza.

Siku ya hukumu jaji alimuuliza kama alikuwa na neno. Ukumbi ukatega masikio, na mwanamke mmoja wa kanisani akatoa leso kabisa, tayari kwa machozi ya mwenzake. Lorna hakulia. Alisema, "Nataka kujua alipo, ili nichague mimi nikae wapi." Kisha akaketi.

Basi Duane alifungwa, akatoka, na sheria ikamkabidhi mzigo wa miaka kumi na mitano: kila ahamapo nyumba, abadilishapo kazi au anunuapo gari, aende ofisi ya sherifu upesi akaseme, na asiposema atarudi alikotoka. Aidha, asimsogelee Lorna wala asimsemeshe. Kwa muda wote tangu atoke, nukta ilikaa Mtaa wa Misonobari, nyumbani kwa mama yake, chumba cha chini. Lorna aliitazama, akashusha pumzi, akawasha jiko. Hakumsamehe wala hakukusudia kumsamehe. Alijua tu yuko wapi, na kujua huko ndiko kulikomwezesha kulala.

Jumatatu moja ya Januari, nukta ilikuwa juu ya maji.

Lorna aliitikisa simu kama mtu atikisaye saa iliyokufa. Nukta haikusogea. Ilikuwa katikati ya Ziwa Brekke, na baa ya Lorna imejengwa ukingoni mwa Ziwa Brekke. Akaenda dirishani, akafuta ukungu kwa kiwiko. Kule kwenye barafu, mbali kidogo na kijiji cha vibanda ambamo wanaume wa mji huo hujifungia kila majira ya baridi wakijidai wanavua samaki kwenye matundu ya barafu, kilisimama kibanda kimoja cha kahawia, peke yake, kikitoa moshi. Mlango wake ulitazamana na dirisha la Lorna.

Adhuhuri alipoingia Toua Vang, naibu sherifu aliyekabidhiwa kuwaandikisha watu wa namna ya Duane, hakuachwa hata avue kofia.

"Toua, keti hapa. Hebu nieleze kama unamweleza mtoto wa darasa la kwanza. Yule anafanya nini dirishani kwangu?"

"Dada Lorna, naweza kupata supu kwanza?"

"Supu itategemea jibu."

Toua alikuwa kijana mpole, mwenye uso wa mtu anayetumwa kila siku kuomba radhi kwa makosa asiyoyafanya. Alitoa ramani kwenye koti, akaitandaza juu ya ule mlango wa zamani. "Si mimi. Ni sheria ndogo mpya ya mji, ile waliyopitisha halmashauri juzi. Aliyeandikishwa asikae ndani ya futi elfu mbili kutoka shule, chekechea, kanisa, maktaba au bustani ya umma. Nimechora maduara. Ona mwenyewe."

Lorna alitazama. Brekke ni mji mdogo, na maduara yalikuwa makubwa. Yalipandana kama mapovu kwenye beseni la vyombo.

"Pamebaki wapi?"

"Mabwawa ya majitaka. Na katikati ya ziwa."

"Na jela?"

Toua alikuna shingo. "Jela iko mkabala na chekechea."

"Kwa hiyo mtu akikamatwa kwa kukaa karibu na chekechea, mtampeleka akakae karibu na chekechea."

"Kwa chakula cha serikali, ndiyo."

Lorna alimletea supu ya wali-mwitu, kwa kuwa jibu hilo lilistahili. Kisha akaweka kidole kwenye Mtaa wa Misonobari. "Nyumba ya mama yake, Verna, imeguswa na nini? Shule iko mbali na pale."

"Shule haiigusi. Kanisa haliigusi. Maktaba nayo iko ng'ambo ya reli." Toua alipuliza kijiko. "Imeguswa na samaki."

Samaki huyo aliitwa Harald. Alikuwa wa faiba, mrefu kama basi, kijani mgongoni na mwenye meno ambayo hakuna samaki wa ziwa lile amewahi kuyaota. Babu zao walimjenga nyuma ya kituo cha mafuta ili kuwavuta watalii, na halmashauri ikapatangaza pale kuwa bustani ili jimbo ligharimie kukata nyasi. Bustani yenyewe ilikuwa Harald, benchi moja, na harufu ya dizeli.

"Toua, hakuna mtoto aliyewahi kucheza pale. Wanaocheza pale ni walevi wanaopigana picha mdomoni mwa samaki."

"Sheria haikuuliza nani anacheza, dada."

"Na barafu ikiyeyuka?"

Hapo Toua akaacha kula. "Mwanzo wa Machi vibanda vyote vinatoka, hiyo ni amri ya jimbo. Asipopata nyumba, itabidi aje kwangu kila wiki kunieleza alikolala. Ndani ya gari. Barabara za msituni. Popote pale."

"Na nukta?"

"Nukta itaondoka. Pataandikwa: hana makazi."

Lorna aligeuka kukitazama kile kibanda. Mtu aliye mahali fulani unaweza kumzunguka. Unachagua njia nyingine na duka jingine, unaishi. Mtu aliye popote ndiye aliye kila mahali: katika kila gari lililoegeshwa bila taa, nyuma ya kila rundo la theluji, ndani ya kila stoo, hata isiyo na mlango. Halmashauri ilikuwa imeruka majivu ikakanyaga moto, ila miguu iliyokuwa ikiungua haikuwa ya halmashauri.

Ijumaa, kama ilivyo ada, mji mzima ulikuja kula samaki wa kukaanga. Meya Gordy Thune alifika na familia yake, na kwenye koti beji ya kampeni yenye picha ya Harald. Gordy aliuza pikipiki za theluji, na alicheka kama mtu anayekuuzia moja. Uchaguzi ulikuwa Aprili.

"Lorna wangu!" alisema. "Umeona tulivyomwondoa yule mshenzi mjini? Tulifanya kwa ajili yako."

"Uliniuliza lini?"

"Mambo mengine hayaulizwi, mama. Ni heshima tu."

"Gordy, umemtoa nyuma ya kituo cha mafuta ukamleta dirishani kwangu, na Machi utampoteza kabisa. Ukinitendea wema mwingine wa aina hiyo nitahamia Kanada."

Kaunta nzima ikaangua kicheko. Gordy alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo. "Sasa unataka nifanye nini? Nisimame mbele ya halmashauri, niseme, 'Waungwana, tupige kura ya kumrudisha Duane Pfeifer mjini'? Nikisema hivyo, Aprili mimi ndiye nitakayelala kwenye gari."

Na hilo lilikuwa kweli tupu, Lorna hakuweza kulikana. Alizijua nyuso zilizoketi pale. Hakuna mkono hata mmoja ambao ungeinuka kwa ajili ya Duane, na wake mwenyewe usingekuwa wa kwanza. Hakutaka Duane atendewe wema. Alitaka awe na anwani, na katika mji ule mambo hayo mawili yalikuwa yamefungwa kamba moja. Alimtazama meya, kisha akaitazama beji ya meya.

"Kwani huyo Harald," aliuliza taratibu, akifuta glasi, "kwa nini anatazama pampu za dizeli?"

"Ndipo alipojengwa."

"Watalii wote wanakuja ziwani. Samaki wetu yuko nyuma ya choo cha kituo cha mafuta. Huoni aibu? Mimi nina kiwanja kile cha kando, sikitumii. Mleteni hapa, atazame maji kama samaki mwenye akili zake. Kiwanja natoa bure."

Gordy alianza kutafuna polepole. Lorna alijua dalili hiyo. Meya alikuwa akijiona kwenye picha.

"Tena," Lorna aliendelea, "bustani ikihama, duara linahama nayo." Akatandaza karatasi ya mezani yenye ramani ya mji na ziwa, ile wanayopewa watoto waipake rangi. Akachukua glasi ya bia ya meya, iliyolowa chini, akaiweka juu ya kituo cha mafuta, kisha akaiinua na kuigandamiza juu ya baa. Duara la maji likabaki, likameza nusu ya ziwa.

Gordy aliinama. "Subiri. Kibanda chake kinaingia ndani."

"Aka! Kumbe?"

"Kinaingia ndani kabisa! Hata kwenye barafu hataruhusiwa!" Meya alipiga meza, kachumbari ya kabichi ikaruka. "Lorna, wewe ni shetani!"

"Nashukuru. Kula samaki wako."

Hakuna aliyetazama pale glasi ilipotoka.

Jioni ilipokuwa inaisha aliingia Verna Pfeifer. Kila Ijumaa aliingia kwa mlango wa pembeni, akachukua vifurushi viwili, akaondoka bila kuvua glavu. Tangu kesi, yeye na Lorna walikuwa wameambiana "samaki wawili" na "asante," basi. Lorna alimpa vifurushi, lakini hakuviachilia.

"Mama Verna. Kile kitanda cha chumba cha chini bado kipo?"

Yule mama alikodoa macho. Akakaza mshiko kwenye vifurushi, kama mtu anayejiandaa kutukanwa. "Kipo."

"Usikitoe."

Verna alisimama kidogo, akatafuta swali, akakosa ujasiri wa kuliuliza. "Ameniambia hastahili kuomba kitu," alisema mwishowe. "Mwanangu. Nilitaka tuiandikie halmashauri, akakataa."

"Hilo amesema kweli. Na mimi sijamwombea kitu. Nenda, samaki wanapoa."

Halmashauri ilipiga kura ya kuihamisha bustani pamoja na samaki wake, na hakuna aliyepinga. Mjumbe mmoja tu aliuliza kama rangi ya Harald itastahimili upepo wa ziwani, akahakikishiwa kwamba samaki kwa kawaida huhimili mambo ya ziwa. Wajumbe ambao wasingethubutu kuinua kidole kwa ajili ya binadamu waliinua mkono mzima kwa ajili ya samaki, na kumbukumbu za kikao zikaandikwa kwa furaha.

Lilibaki suala la njia. Barabara ya mji ina nyaya za umeme na daraja jembamba, na Harald alikuwa na pezi la mgongoni. Lakini watu wa Brekke huiamini barafu kama wengine waaminivyo lami; juu yake wameshapitisha nyumba, piano na maiti mmoja aliyekuwa na haraka. Wakaamua kumkokota ziwani mwishoni mwa Februari.

Siku hiyo jua lilitoka kwa nguvu isiyotakiwa. Harald alilazwa juu ya sileji ya magogo, chombo cha kukokotwa kwenye theluji, pikapu tatu zikamvuta, na meya akasimama ndani ya mdomo wake, kati ya meno, akiwapungia watu mkono. Lorna alitembea pembeni na Toua. Chini yao barafu ilinguruma, sauti ndefu, kama tumbo la jitu lililoruka chakula cha mchana.

"Na akizama?" Lorna aliuliza.

"Akizama, bustani itakuwa chini ya ziwa," alisema Toua. "Nitalazimika kuvaa nguo za kuzamia ili nipime futi elfu mbili."

"Usinichekeshe, Toua. Naogopa kweli."

Na alikuwa anaogopa kweli. Harald akizama, meya angepata huruma, mji ungepata hadithi ya kusimulia wajukuu, na yeye angepata nukta iliyofutika.

Katikati ya ziwa, sileji ilikwama. Gogo moja lilikuwa limeingia kwenye tundu la mvuvi lililoganda nusu. Pikapu zilinguruma, magurudumu yakatema theluji, na barafu ikatoa mlio mkali ambao haukuhitaji mfasiri. Maji yakaanza kupanda juu kutoka kwenye lile tundu. Meya akatoka mdomoni mwa samaki kwa wepesi ambao wapiga kura walikuwa hawajauona.

"Zimeni injini!" alipiga kelele Toua. "Inahitaji kuinuliwa, si kuvutwa! Nani ana jeki kubwa?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo mlango wa kile kibanda cha kahawia ukafunguka, umbali wa kutupa jiwe.

Watu wote wakageuka. Duane Pfeifer alikuwa amekonda, na ndevu zake zilikuwa zimeota bila ushauri. Alimtazama samaki, akazitazama pikapu, kisha akamwona Lorna. Papo hapo akageuza uso, akarudi ndani. Mlango ukafunguka tena, kwa upana wa mkono mmoja tu. Jeki ya chuma ndefu ikasukumwa nje, ikateleza juu ya barafu, ikasimama. Mlango ukafungwa. Wakasikia komeo.

Hakuna aliyeifuata ile jeki. Gordy aliitazama kama kitu kilichotapikwa. Wakamgeukia Lorna, mmoja baada ya mwingine, kwa ile heshima yao isiyouliza.

Lorna aliutazama ule mlango uliofungwa, akaitazama jeki. Kisha akasema kwa sauti iliyofika mbali:

"Jeki haijaandikishwa popote. Ichukueni, mijitu mizima!"

Wakaichukua. Gogo likainuka, mbao zikapitishwa chini yake, na Harald akasogea, kwanza kwa aibu, halafu kwa fahari, mpaka ukingoni. Alasiri hiyo alisimamishwa kando ya baa, mdomo wazi kuelekea maji, na Gordy akakata utepe huku buti zake zikichuruzika. Toua alikuja na gurudumu lake la kupimia, akatembea, akaandika, akatikisa kichwa kwa uchungu wa kujifanya, akaenda kugonga kibanda cha kahawia na kumwarifu mwenyewe kwamba pale hapamfai tena kisheria. Watu walipiga makofi. Kabla ya giza kuingia, kibanda kilikuwa kimeondolewa.

Wiki hiyo Lorna hakulala vizuri, maana alijua alichokifanya lakini hakujua kama Duane angekifuata mpaka mwisho. Mtu anaweza kufunguliwa mlango akaamua kutoroka kwa dirisha. Jumatatu aliamka, akampita paka, akafungua simu. Ramani ilichukua muda wake, kama kawaida ya vitu vya serikali.

Nukta ilikuwa Mtaa wa Misonobari.

Alikuwa bado anaitazama mlango wa mbele uliposukumwa kwa kishindo. Gordy Thune aliingia, kofia mkononi, nywele zimesimama.

"Lorna! Umenichezea!"

"Habari za asubuhi, Bwana Meya."

"Yuko kwa mama yake! Toua anasema ni halali! Anasema eti tangu samaki aondoke pale hakuna kitu kinachoigusa nyumba ile!"

"Yuko wapi, umesema?"

"Kwa mama yake! Mtaa wa Misonobari! Chumba cha chini!"

"Umeona?" alisema Lorna, akimmiminia kahawa. "Hata wewe sasa unajua alipo. Hukuhitaji hata simu."

Gordy alifungua mdomo kwa namna iliyomfanya afanane na Harald. "Nitamrudisha yule samaki."

"Barafu haimbebi tena, Gordy. Na mabango yako yote yameshachapishwa, wewe na samaki na ziwa. Nimeliona moja pale posta. Umependeza."

Meya alikunywa kahawa yake. Alipomaliza aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kuzitumia humo ndani, "Huogopi? Akiwa karibu hivyo?"

"Naogopa," alisema Lorna. "Ila ninachokiogopa kina anwani."

Gordy alipoondoka, Lorna alichukua kiti akakitoa nje. Kwa miaka mingi alikuwa akikaa na mgongo ukutani na uso kuelekea barabarani, hata wakati wa kumenya viazi. Asubuhi hiyo alikiweka kando ya samaki, katika kivuli cha yale meno ya kipuuzi, akaketi akiyatazama maji, barabara ikiwa nyuma yake. Gari moja lilipita. Hakugeuka. La pili lilipopita aligeuka, akaliona ni la mkate, akayageukia tena maji.